Mgonjwa na Aulizwe Uji

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii tulifundishwa tungali shule ya msingi, na wengi wetu tumewafundisha wengine wakati wa mazoezi ya ualimu. Maana yake ni nyepesi kueleza: mwenye shida iliyo wazi hahitaji kuhojiwa kabla ya kusaidiwa. Mpikie, mpelekee, mnyweshe. Ni methali ya ukarimu, nami sina ugomvi na ukarimu. Hata hivyo, katika makala haya nadai kwamba yupo mgonjwa ambaye methali hii humdhulumu, naye ni yule ambaye madaktari wamekwisha kusema kuwa maradhi yake hayana tiba. Huyo hana budi kuulizwa. Aulizwe iwapo anautaka huo uji, mzito au mwepesi. Na iwapo hautaki, aulizwe anataka nini, anataka kusema nini, na anataka kumwambia nani. Nadai pia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi yetu katika kazi hiyo ya kuuliza, na kwamba mpaka sasa tumeiacha wazi.

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei nimekuwa mhudumu wa kujitolea katika hospisi moja humu nchini. Wenzangu kadhaa waliponisikia nikilitaja neno hilo walidhani nimekosea kutamka hospitali, kwa hivyo inafaa nieleze. Hospisi ni huduma anayopewa mtu mwenye maradhi yasiyoponyeka, pamoja na jamaa zake, ili siku zilizobaki, ziwe chache au nyingi, zisiwe za mateso. Kwa sura yake ya kisasa, huduma hii inatokana na juhudi za Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice jijini London. Hapa kwetu, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Nchini Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993. Leo miji kama vile Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa ina hospisi zake. Nyingi kati ya hospisi hizi hazilazi wagonjwa. Zina kliniki, zina siku ya wagonjwa kukutana na kula pamoja, na zina wauguzi wanaowazuru wagonjwa makwao, mara nyingi kwa matatu na kwa miguu.

Wenzetu wa Tanzania huiita huduma hii tiba shufaa. Sisi Wakenya bado tunahangaika na virai virefu kama vile “huduma ya kupunguza makali ya ugonjwa usio na tiba”, ambavyo mtu hawezi kuvitamka mbele ya mgonjwa bila kuona haya. Mimi nalipenda neno la Watanzania. Msomaji asilichanganye shufaa na shifaa. Shifaa ni uponyaji. Shufaa ni maombezi, kusimama upande wa mtu anapokabiliwa na jambo zito. Aliyelichagua neno hilo alifikiri vyema.

Nilifikaje huko? Sikupelekwa na wema. Nilipelekwa na ng'ombe.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliugua saratani ya umio. Jamaa walijua. Daktari wa hospitali moja, ambayo sitaitaja, aliwaita kando akawaeleza wanaume wa familia katika ujia, kwa Kiingereza, huku mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi hatua kumi kutoka hapo. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeafikiana kwamba asiambiwe. Naye alikuwa anajua, kama wagonjwa wengi wanavyojua. Kila alipoanza kusema jambo la baadaye tulimkatiza: “Usiseme hivyo, utapona.” Nakumbuka jioni moja aliniita akasema, “Huyu mtamba mwekundu...” Nikamwambia apumzike, tutazungumza akipata nguvu. Alifariki baada ya siku tisa. Mtamba aliuzwa ili kulipia chumba cha maiti. Wiki mbili baada ya mazishi alikuja mwanamke wa kijiji cha pili, rafiki wa shangazi tangu ujana, kumchukua mtamba wake aliyekuwa amemwachia shangazi amtunzie. Hakuna aliyemwamini. Kesi ilifika kwa chifu, na hadi ninapoandika haya, nyumba hizo mbili hazisalimiani. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema. Lakini hapa aliyeugua hakuficha kitu. Tulioficha ni sisi, na kilio kilipokuja kilimfichua yeye kana kwamba alikuwa mwizi.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu aghalabu watu huuliza ni moyo gani humpeleka kijana kukaa na wanaokaribia kufa. Jibu langu ni hilo. Nilitaka kujifunza jambo ambalo nilikuwa nimelishindwa.

Mafunzo yetu yalikuwa ya Jumamosi kadhaa. Kwanza kuna mahojiano, na mtu aliyefiwa majuzi huombwa asubiri, kwani kilio chake mwenyewe kingali kibichi. Kisha tukafundishwa mipaka. Mhudumu wa kujitolea hagawi dawa. Hahubiri, hata akiombwa na jamaa. Mgonjwa anayetaka kasisi au shehe huitiwa kasisi au shehe wake. Hatoi siri ya nyumba aliyoingia. Anachofanya ni kukaa na mgonjwa ili anayemuuguza apate kulala saa mbili au kwenda sokoni, kusoma barua au gazeti, kuandika anachoambiwa aandike, kumsikiliza mke aliyechoka ambaye anaona dhambi kukiri kwamba amechoka, kuhudhuria mazishi, na kurudi katika nyumba hiyo baada ya mwezi, wakati waombolezaji wamekwisha kwenda zao. Mambo haya yote ukiyaandika ubaoni yanaonekana mepesi. Mwalimu wetu, muuguzi wa miaka mingi, alitufanyisha zoezi moja tu lililonitoa jasho: ukae na mwenzako dakika tano akikueleza jambo linalomuumiza, nawe usitoe ushauri, usitaje Mungu, usisimulie kisa chako. Mimi, mwanafasihi, bingwa wa midahalo ya chama hiki, sikumaliza dakika mbili.

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa lile lile la nyumbani. Tulimzuru mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. (Mambo madogo madogo katika visa hivi nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.) Muuguzi alipotoka nje kuzungumza na mumewe, mama aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwanangu, Krismasi hii sitaiona.” Nami kabla sijafikiri nikajibu, “Usiseme hivyo, mama. Mungu ni mwema, utapona.” Alinitazama kidogo, akageukia ukuta. Tulipokuwa stejini tukingoja matatu nilimsimulia muuguzi. Hakunigombeza. Alisema tu, “Alitaka kukwambia jambo. Sasa leo hatalisema.”

Wiki iliyofuata muuguzi mwenyewe alimuuliza: “Mama, ulitaja Krismasi. Ulikuwa unawaza nini?” Ikatoka. Alitaka kitinda mimba wake akalelewe na dada yake huko Kitale, wala si kwa shemeji zake, na alitaka maneno hayo ayaseme mwenyewe akiwa hai, mbele ya shemeji mkubwa, ili asije mtu akadai kuwa dada amemnyakua mtoto. Kikao kilifanyika Jumapili. Shemeji hakufurahi, lakini alisikia kwa masikio yake. Mtoto yuko Kitale.

Hapa ndipo ninapowageukia wasomi wenzangu, kwa sababu katika safari ya kurudi siku ile niliwaza juu ya matini ambayo sote tumeisoma. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, tumeujadili katika semina zetu mpaka umechakaa. Tumeuliza iwapo unamdhalilisha mwanamke. Tumeandika juu ya vina na mizani, juu ya uhakiki wa kifeministi na wa Kiislamu, juu ya ndoa katika Siu ya Bwana Mataka. Ni mijadala halali. Lakini ni mara ngapi tumeusoma kama maneno ya mgonjwa? Mtunzi anamwita bintiye akaribie, aketi, achukue wino na karatasi. Anasema kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa kama mwaka, na kwamba hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anasema yote aliyo nayo moyoni, na mwishoni anaomba dua, ikiwemo ya kupona kwake mwenyewe. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Kinaya cha jina lake hakihitaji kufafanuliwa.

Naomba tulitazame tendo lile kwa makini. Mgonjwa huyu anatumaini kupona, na wakati huo huo anaaga. Hayo mawili hayagongani katika utendi wake. Sisi ndio tunaodhani kwamba yanagongana, kwamba ukimruhusu mtu azungumzie kifo chake umemkatia tamaa, kwamba ni uchuro. Isitoshe, kuna aliyeshika kalamu. Kama yule binti angemwambia mama yake, “Usiseme hivyo, utapona,” tungekuwa na utendi mmoja pungufu katika fasihi yetu, na pengine mmojawapo wa ile michache ya kale iliyo na sauti ya mwanamke. Sidai kwamba kila mgonjwa ana utendi moyoni. Wengi wana mtamba mwekundu, deni la chama cha akina mama, ufunguo wa sanduku. Anayeshika kalamu hachagui.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaohusu lugha moja kwa moja, nao ni upande wa maumivu. Cicely Saunders alisisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayawi ya mwili tu. Yana sehemu ya moyo, sehemu ya jamaa na fedha, na sehemu ya imani, na zote huchanganyika. Wazo hili hakulitoa vitabuni. Alilipata kwa kuwasikiliza wagonjwa wakijieleza kwa maneno yao wenyewe: mmoja aliyeulizwa juu ya maumivu yake alianzia mgongoni, akaishia kwa mume na mwanawe na kuhisi kwamba hakuna anayemwelewa. Basi wasikilizwe kwa lugha gani? Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Ilhali fomu ambazo nimewaona wagonjwa wakitia kidole gumba zimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi anayetafsiri ni mtoto wa shule aliyekuja na nyanya yake.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili chetu cha darasani kinatosha. Mzee mmoja aliniambia, “Nasikia uchungu sana.” Mimi, kwa kuwa nimefundishwa kwamba uchungu ni wa moyo, ni wa mwanamke anayejifungua, au ni ladha ya shubiri, nikavuta kiti nikamuuliza kwa upole ni nini kilichomtia uchungu. Akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyepanda juu ya paa. “Mwalimu,” akasema, “ni mguu.” Jamaa walicheka, naye akacheka, na nadhani urafiki wetu ulianzia hapo. Lakini fikiria muuguzi anayeandika katika kadi. Katika matumizi ya kawaida ya Wakenya wengi, uchungu ni maumivu, na hakuna kamusi itakayomshawishi mzee yule vinginevyo.

Kwa upande mwingine, lugha yetu ina utajiri ambao wahudumu wa afya wanauhitaji na hawana habari nao. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo hunyonga, hukata, hukeketa. Kidonda huchoma au huwasha, ubavu hudunga, mguu hufa ganzi. Kwa mtaalamu wa maumivu, tofauti ya kuchoma na kupwita si ya mapambo: maumivu yanayochoma kama moto au kufa ganzi humwelekeza kwenye neva zilizoathirika, na neva zina dawa zake mbali na zile za kawaida. Siku hizi mgonjwa huonyeshwa mkono: ngumi ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Ni mbinu nzuri, hasa pale lugha zinapokatika kabisa. Lakini kidole hakisemi maumivu ni ya namna gani. Hapo panahitaji mtu anayejua kuuliza, “Yanachoma, au yanadunga?” na anayejua pia lini aache Kiswahili amwite jirani azungumze Kikamba. Nyanya mmoja alinijibu kwa Kiswahili, mara tatu, “Naumwa tu.” Bintiye alipomuuliza kwa lugha yao alieleza kwa dakika nzima bila kupumzika. Sisi watetezi wa Kiswahili tukubali kwamba kuna saa ambapo mtu hurudi katika lugha aliyonyonyeshwa nayo, na kumlazimisha atoke humo ni ukatili.

Kuhusu dawa yenyewe sitasema mengi, maana si fani yangu. Mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo, ndiyo nguzo ya kutuliza maumivu makali ya saratani. Mwaka 2010 ripoti ya shirika la Human Rights Watch ilionyesha kwamba ilipatikana katika hospitali saba tu za umma nchini Kenya. Uganda ilikuwa imekwisha kuruhusu wauguzi waliofunzwa waiandike tangu mwaka 2004. Hali yetu imesogea tangu hapo, na mwaka 2021 serikali ilitoa sera ya tiba shufaa ya kipindi cha hadi 2030. Bado nimekutana na jamaa waliomficha mgonjwa chupa yake wakihofia kwamba “atazoea”. Waliogopa uraibu wa mtu ambaye hakuwa na mwezi mmoja mbele yake. Kijikaratasi walichopewa hospitalini kilieleza jambo hilo vizuri sana, kwa Kiingereza.

Najua yatakayosemwa. Kwamba hii ni kazi ya wauguzi na wahudumu wa jamii. Kwamba mwanafunzi hana nauli wala muda. Hoja ya pili ina uzito. Mimi mwenyewe nimekosa ziara kadhaa kwa kukosa nauli, na kuna muhula nilioomba kupumzika kwa sababu nilianza kuota wagonjwa. Hoja ya kwanza naikataa. Wauguzi wa hospisi ni wachache, na muuguzi mwenye wagonjwa sita wa kuzuru kwa siku hawezi kukaa saa mbili kungoja mtu apate neno analolitafuta.

Ninachokihofia zaidi ni kitu kingine, nacho kinatuhusu sisi wa uzamili. Tutaingia katika nyumba hizi tukanusa tasnifu. Tasfida za kifo, sitiari za ugonjwa, uchanganuzi wa mazungumzo kitandani: mada zinajiandika zenyewe. Mimi mwenyewe niliijiwa na tamaa hiyo, na msimamizi wangu, alipoisikia, aliifurahia. Nimeiacha. Utafiti wa namna hiyo una njia zake, una vibali na kamati za maadili, na unaweza kufanywa kwa heshima na mtu aliyekuja kwa ajili hiyo na kusema hivyo tangu mwanzo. Lakini aliyekaribishwa kama mhudumu asitoe kinasa sauti mfukoni. Vivyo hivyo kwa wale wanaotaka cheti cha kuambatisha kwenye maombi ya kazi, na wale wanaotaka picha. Mgonjwa aliyezoea sura yako Jumamosi tatu, kisha usionekane tena, hujiuliza amekukosea nini.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Kila tawi liitafute hospisi iliyo karibu na chuo chake, viongozi wake waende wakaulize, waulize kweli, ni nini kinachohitajika. Pengine wataambiwa hawahitaji wageleni wa kukaa na wagonjwa bali mtu wa kuandika upya maelezo ya mofini kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Mwea atakielewa. Hiyo ni kazi ya juma moja kwa darasa la tafsiri. Pengine wataombwa waketi na wauguzi waorodheshe maneno ya maumivu, ya Kiswahili na ya lugha za eneo hilo, kwenye ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Na iwapo wako watatu au wanne walio tayari kwa mafunzo na kwa Jumamosi mbili za kila mwezi kwa mwaka mzima, chama kiwalipie nauli kutoka katika fungu la ziara ya kila mwaka. Ziara yenyewe ninaipenda, lakini Lamu itatungoja.

Mzee wa mguu alifariki mwezi wa pili. Katika majuma yake ya mwisho kila alipoletewa uji na mkaza mwana wake aliufunika kwa sahani na kuuweka chini ya kitanda, mpaka siku moja nilipomuuliza kama anaupenda. Alisema hajawahi kuupenda maishani mwake. Alitaka chai ya rangi yenye tangawizi, vijiko vitatu vya sukari, na anywe katika kile kikombe cha bati alichokuwa akienda nacho shambani. Kikombe kilitafutwa siku nzima kikapatikana katika kibanda cha kuku.